Ndoo ya Babu Topasi

Hakuna fundi makochi aliyejisifu kama huyu, na sifa zote zilianzia kwa babu yake. Babu alikuwa Topasi wa Manispaa, daraja la kwanza! Topasi ni nini? Hakujua, wala hakuuliza. Juu ya mlango wa karakana aliandika kwa rangi nyekundu: MJUKUU WA TOPASI. Wazee wakipita walikuwa wanakohoa na kuangalia pembeni, yeye akidhani ni heshima.

Siku ambayo wakwe watarajiwa wa binti yake walikuwa waje, aliamkia ofisi ya kumbukumbu. Alitaka karatasi ya babu yenye muhuri aisome mbele yao, wajue wanaoa kwa nani.

Karani, mama mmoja wa miwani minene, alifunua daftari lililoliwa na mende.

"Huyu hapa. Topasi, ndoo namba kumi na nne."

"Ndoo tunayo, mama! Ya bati, na mfuniko wake. Nyumbani kukiwa na shughuli, juisi inakorogwa humo humo."

Karani akavua miwani. "Juisi?"

"Ya malimau. Saa hizi shangazi anakamua."

"Baba, zamani vyoo vya mji vilikuwa vya ndoo. Topasi anapita uchochoroni, anavuta ndoo iliyojaa, anajitwika, anakwenda kumwaga."

"Iliyojaa nini?"

"Wewe chooni unaacha nini?"

Fundi akakumbuka ule mstari wa kahawia kwenye kiungo cha ndoo, usiotoka kwa sabuni wala kwa majivu. Utotoni alikuwa anaukwangua kwa ukucha. Halafu analamba ukucha.

Akatapika kwenye kapu la karatasi la serikali, akatoka mbio.

Nyumbani alikuta sebule imejaa. Baba mkwe mtarajiwa ameshika glasi, imefika mdomoni.

"Msinywe!" Fundi akaipiga ndoo teke, juisi ikalowesha zulia na viatu vya wageni. "Ni ndoo ya mavi!"

Binti akafunika uso. Miezi minane ya uchumba, na baba yake mzazi anataja mavi mbele ya wakwe.

Shangazi, mtoto wa mwisho wa Topasi, akainua ndoo taratibu. "Ndiyo. Baba alipostaafu aliisugua kwa mchanga mwezi mzima. Wewe maziwa yako ya utotoni yalichemshiwa humu. Ulikufa?"

"Shangazi! Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unajisifu vizuri, mwanangu. Nikuharibie?"

Baba mkwe mtarajiwa akaweka glasi chini, mbali kabisa na mkono wake.

"Mimi nimekulia mtaa wa ndoo," alisema. "Topasi akiugua siku tatu, mtaa mzima tunalala na vitambaa puani. Bango lako nililiona zamani, nikasema huyu mtu haoni aibu ya babu yake, nyumba hiyo nzuri. Binti tunamtaka. Juisi hatutaki."

Watu wakaangua kicheko. Fundi alijaribu kucheka nao, lakini shangazi alikuwa ameshasuuza ndoo, amechota maji, anamletea kikombe.

"Kunywa, baba, umetapika sana."

Akauona ule mstari wa kahawia. Akakimbilia chooni, akajikamua mpaka nyongo, akavuta maji. Akabaki ameinama pale, anayasikiliza yakienda yenyewe, bila kutwikwa kichwani kwa mtu.