Jani la Tatu la Mzee Kinsella

Jeannine Furaha aliogopa damu tangu utotoni, na hakumwambia mtu yeyote alipoanza kazi ya kuchora tatuu. Kazi yenyewe ilikuwa ya nyusi. Sindano ya nyusi hukwaruza ngozi juu juu tu, mteja hutoa machozi kidogo, anajitazama kwenye kioo, anacheka. Jeannine alijifunza Bukavu kwa shangazi yake, akaja nayo Johannesburg, na sasa alikuwa akiifanyia chumbani kwake Bellevue, katika nyumba kuukuu iliyokatwakatwa vyumba kwa mbao. Chumba cha jirani alikaa Tabia, mwanamke wa Tanga aliyekuwa akipika maandazi na kuyauza Yeoville. Tabia hakukubali kamwe kuchorwa nyusi, alisema dini yake haimruhusu, lakini alipenda kukaa mlangoni akitazama wengine wakichorwa.

Mwaka huo, damu haikuwa woga mkubwa wa Jeannine. Kulikuwa na watu waliovaa fulana za aina moja, waliosimama kwenye mageti ya kliniki wakidai vitambulisho na kuwafukuza wageni. Karatasi ya hifadhi ya ukimbizi ya Jeannine ilikuwa imekwisha muda, na mpya ilikuwa bado haijatoka. Alikuwa amejifunza kutozungumza ndani ya teksi ili lafudhi isimchongee. Alipopata homa mwezi wa nane alilala nayo chumbani mpaka ikamwacha.

Asubuhi moja ya Novemba alikuja Mzee Desmond Kinsella. Alielekezwa na mama mmoja wa parokia yao aliyechorwa nyusi na Jeannine. Alikuwa mtu wa Bertrams, wa damu mchanganyiko, mwenye umri uliopita sabini, ngozi ya rangi ya chai ya maziwa na mvi zilizojisokota. Alivaa koti na tai kana kwamba anakwenda misani. Walizungumza Kiingereza, kila mmoja chake.

"Nataka shamroki," alisema, akikunja mkono wa shati. "Hapa, chini ya kiwiko."

Jeannine alikuwa ameambiwa mapema, kwa hiyo alikuwa ametafuta picha kwenye simu. Akamwonyesha jani la kijani lenye vipande vinne, likiwa na kofia ndefu pembeni na glasi ya bia.

Mzee akacheka. "Hilo la majani manne ni la bahati, binti. Hilo mtu yeyote anaweza kuliokota. La Ireland lina matatu, kwenye kikonyo kimoja."

Akamwonyesha nyingine, jani lililofumwa kwa kamba inayojizungusha isiyo na mwanzo wala mwisho. Mzee akalitazama sana. "Hilo ni zuri. Wanasema ile kamba ni uzima usiokatika. Na wengine huliweka pamoja na kinubi, maana kinubi ndicho alama ya nchi yenyewe. Lakini babu yangu hakuwa na kamba wala kinubi. Alikuwa na majani matatu tu."

Jeannine akaweka simu chini. Akachukua kalamu, akaanza kulichora kwenye karatasi, na mzee akasimulia huku akimsahihisha umbo.

Babu yake alitoka Ireland kijana, akaja kufanya kazi kwenye reli. Shamroki ile alichorwa na baharia kabla hajapanda meli. Hapa alimpata mwanamke wa Kimberley, ndiye bibi wa Mzee Kinsella, wakazaa. Baadaye sheria zikakaza, mzungu asikae na mwanamke wa rangi, na babu akahamia mtaa mwingine. Akawa anakuja Jumapili kwa mlango wa nyuma.

"Alikuwa ananipakata," mzee alisema. "Ananishika kidole, anakipitisha juu ya majani. Hili Baba. Hili Mwana. Hili Roho Mtakatifu. Aliniambia ndivyo Mtakatifu Patrick alivyowafundisha watu kule, akiwa ameshika jani mkononi. Na Patrick mwenyewe hakuzaliwa kule, unajua? Alitekwa akiwa kijana, akapelekwa utumwani. Mgeni kabisa."

"Mgeni," Jeannine akarudia.

"Mgeni. Babu alisema zamani kuna watu walipata taabu kwa sababu ya kuchomeka jani hilo kwenye kofia. Watawala waliliona ni uasi." Akaligusa jani kwenye karatasi. "Alipokufa, watu wake ndio waliomzika. Sisi tulisimama nje ya ua wa makaburi. Hatukupewa hata kofia yake. Kwa hiyo nataka hili."

Tabia, pale mlangoni na sinia lake la maandazi, hakuelewa yote, lakini alielewa sehemu ya ua wa makaburi. Akatikisa kichwa.

Jeannine hakuwahi kuchora mkono. Alitaka kusema hivyo, lakini mzee alikuwa amekwisha kuuweka mkono wake juu ya mto na kufumba macho. Akavaa glavu. Akafungua sindano mpya. Akanakili mchoro juu ya ngozi, laini na nyembamba kama karatasi ya msahafu, kama Tabia alivyosema baadaye, na akaanza.

Alimaliza mistari yote. Akajaza jani la kwanza kwa kijani, akajaza la pili. Kila alipopangusa, tishu ilitoka nyekundu. Alijiambia ndivyo mikono ilivyo, mikono si nyusi. Alipopangusa tena, damu ilijaa palepale kabla hajaweka tishu chini, ikafuata mkunjo wa kiwiko, ikadondoka kwenye mto.

Akazima mashine.

"Mzee, unasikiaje?"

"Naona baridi," mzee alisema. Midomo yake ilikuwa imepauka.

Jeannine akabana kwa tishu, kisha kwa taulo. Akahesabu kimoyomoyo, akaachia kidogo atazame, damu ikaja. Haikuruka. Ilikuwa inachuruzika tu bila kusimama, nyepesi kama maji ya beetroot. Akabana tena. Mzee wa watu, raia wa nchi hii, anatokwa damu chumbani kwa mwanamke asiye na karatasi, na sindano ni yake.

"Ma Tabia!" akaita kwa Kiswahili. "Njoo! Damu inakataa kusimama!"

Tabia akaingia, akatazama, akavua kanga yake ya mabegani. Akaikunja, akaiweka juu ya taulo. "Bana hapo, shoga, usiachie. Huyu ni wa kliniki."

"Kliniki siwezi kwenda. Wale watu wako getini."

"Najua wako getini."

"Utampeleka wewe?"

"Mimi nina karatasi gani ya kukushinda?" Tabia alisema. "Lakini akifia humu, shoga, hakuna atakayetuuliza karatasi. Watatuchoma na nyumba."

Jeannine akamwinua mzee. Wakatoka hivyo, yeye akiwa amebana kanga kwenye mkono wake kwa viganja viwili, kama wapenzi wazee. Tabia aliwasindikiza mpaka kwenye robot, zile taa za barabarani, mahali ambapo geti la kliniki lilianza kuonekana, akasimama hapo. Jeannine hakumlaumu. Angekuwa yeye, angesimama mbali zaidi.

Getini walikuwepo wanaume na wanawake, mmoja ameshika kipaza sauti. Mama mwenye mtoto mgongoni alikuwa anarudishwa, anashuka barabara bila kugeuka. Jeannine aliona visigino vyake vilivyopasuka, na kwa muda hakuona kitu kingine.

"Umazisi uphi?" kijana mmoja aliwauliza kwa Kizulu. Kitambulisho kiko wapi?

Mzee akatoa chake mfukoni kwa mkono mzima. "Nimezaliwa hapo chini, Bertrams," akasema kwa sauti ndogo.

"Wewe sawa, baba. Huyu?"

Jeannine hakufungua mdomo. Neno lolote ambalo lingetoka lingetoka na Bukavu yote. Alitazama shingo ya fulana ya kijana.

"Nimekuuliza wewe, dada."

Kijana akamshika kifundo cha mkono amvute pembeni. Viganja vyake vikatoka kwenye kanga, kanga ikaanguka, na damu iliyokuwa imejikusanya ndani yake ikamwagika juu ya raba nyeupe za kijana. Akaruka nyuma. "Eish! Eish, baba, una nini?" Mwanamke wa kipaza sauti akageuka, akakishusha. Mlinzi wa kliniki, aliyekuwa asubuhi nzima amejifanya haoni, akafungua geti akipiga kelele kwamba mgonjwa aingie, mgonjwa aingie. Jeannine akaokota kanga, akaibana tena juu ya mkono wa mzee, akaingia naye. Hakuna aliyemzuia. Mpaka leo hajui kama walimwacha au walimsahau.

Muuguzi alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani. Alimlaza mzee, akafunua mkono, akayaona majani mawili ya kijani na la tatu lenye mistari mitupu.

"Nani amefanya hivi?"

"Nilianguka," mzee alisema.

Jeannine angeweza kuliacha neno hilo hivyo. Alisema baadaye kwamba alikuwa amekwisha kuamua kuliacha, ila alimwona muuguzi akigeuza mkono ule akitafuta jeraha ambalo halikuwepo, na dakika zinakwenda.

"Ni mimi. Ni tatuu. Sindano ilikuwa mpya."

Muuguzi akainua macho. Alikuwa amesikia lafudhi. Akamgeukia mzee. "Unakunywa dawa gani?"

"Za moyo. Za kuifanya damu iwe nyepesi."

"Ulimwambia huyu dada?"

Mzee akatazama ukuta.

"Na leo asubuhi?"

"Nilimeza za maumivu. Chache. Naogopa sindano."

Muuguzi akasema jambo kwa Kizulu ambalo Jeannine hakulielewa, lakini lilimfanya mzee afumbe macho. Akaufunga mkono kwa bendeji ya kubana, tabaka juu ya tabaka, akaita gari la wagonjwa limpeleke hospitali. Kisha akamwelekeza Jeannine kwa kidole kwenye benchi la ukutani. "Wewe, kaa pale. Usitoke."

Jeannine akakaa. Machela ikapita na mzee, ikatoka. Kupitia kioo alimwona muuguzi akizungumza kwenye simu, akimtazama, akiendelea kuzungumza. Anaita polisi, Jeannine alijiambia. Alifikiria kukimbia, lakini nje kulikuwa na geti, na getini kulikuwa na wale watu, na sauti ya kipaza sauti ilikuwa inamfikia pale alipokaa. Akazitazama kucha zake, zilizokuwa na damu iliyokauka na kijani pamoja. Akajaribu kusali, akakuta hakumbuki sala ya Baba Yetu inavyoendelea baada ya mkate.

Adhuhuri ikapita. Mbingu ikawa nyeusi ghafla, kama inavyofanya Johannesburg mwezi huo, ngurumo moja ikapiga juu ya paa, kisha mvua ya mawe. Mawe makubwa kama njugu yaligonga mabati mpaka watoto wakalia. Kipaza sauti kikazimika. Kupitia dirishani watu wa fulana walionekana wakikimbia, wamejifunika vichwa kwa mabango yao.

Muuguzi akaja kwenye benchi. "Sasa," alisema. "Nenda sasa. Getini hakuna mtu."

Jeannine hakuelewa mara moja. Muuguzi akalazimika kumshika kiwiko na kumsimamisha.

Alikimbia kwenye mawe yale bila kujifunika. Tabia alimfungulia mlango, akamvua nguo zilizolowa, akaona vinundu vilivyoanza kuvimba mabegani na kichwani. "Uko mzima," alisema mara nyingi, kana kwamba anabishana na mtu. "Uko mzima, shoga. Uko mzima."

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko ile. Namba asiyoijua ilikuwa inapiga simu. Inapiga, inakatika, inapiga. Jeannine aliifunika simu kwa mto. Aliamini mzee amekufa. Aliacha kupokea wateja na akalala amevaa viatu. Gari lolote lililopunguza mwendo mbele ya nyumba lilimkalisha kitako kitandani, mikono kifuani. Mwishowe Tabia ndiye aliyeipokea ile simu kwa Kiingereza chake cha sokoni, akasikiliza, akamnyooshea.

Ilikuwa sauti ya mwanamke, binti wa mzee. "Baba yuko nyumbani," alisema kwa ukali. "Kila siku ananisumbua nikuulize kama ulifika salama. Ulifika?"

"Nilifika."

"Vizuri. Lakini usimguse tena na sindano. Umenisikia? Daktari amemkataza maisha yake yote."

"Siwezi kumgusa hata akinipigia magoti," Jeannine alisema, akakata simu, na hapo ndipo alipolia.

Mashine aliiuza kwa Mrundi mmoja wa Yeoville. Akaanza kusuka nywele, kazi isiyo na damu.

Mwezi wa tatu mzee akampigia mwenyewe. Kesho ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Patrick, alisema, naye alikuwa na majani mawili tu. "Baba na Mwana wapo. Wa tatu amebaki mtupu. Huna njia?"

Jeannine akasema hana. Usiku mzima akaiwaza ile "sina" yake. Asubuhi akatia penseli ya macho ya kijani mfukoni, akashuka Bertrams.

Mzee alikuwa kibarazani, koti na tai. Binti yake alisimama nyuma ya kiti amekunja mikono, akitazama kila kitu kinachotoka mfukoni mwa mgeni. Alipoona ni penseli, akaingia ndani kuweka chai. Mkono wa mzee ulikuwa umepona vizuri, kijani kimekaa. Jeannine akalijaza jani la tatu polepole, akishikilia pumzi, na kila mara akigeuza ncha ya penseli kuitazama kama ina kitu chekundu. Haikuwa nacho.

"Litafutika nikioga," mzee alisema.

"Litafutika."

"Basi sitaoga mpaka kesho."

Walikunywa chai. Mzee alimwomba akae mpaka misa ya jioni waende pamoja, lakini Jeannine aliaga mapema. Njia fupi ya kurudi Bellevue ilipita mbele ya kliniki, na huko tangu Novemba hajapita. Akachukua ile ndefu ya kuzungukia juu, kwa miguu, mdomo umefungwa, akitembea upande wa barabara ambao angeweza kuona magari yanayokuja.