Chumvi ya Safari ya Siku Moja

Juzi nilipanga foleni katika shule moja hapa Kindu, kumwandikisha binti yangu kozi ya mazingira ya darasa la mwisho, ile inayoogopwa. Mbele yangu mama mmoja wa mtaa wa Alunguli alikuwa akimhoji mwalimu kama mtu anayenunua pikipiki kuukuu.

"Hesabu iko?"

"Iko, mama, na kemia. Watapima maji ya mto, udongo, takataka za soko. Na siku moja wataingia mu pori kuhesabu miti."

Mama akaacha kujipepea. "Mu pori. Na watarudia huku?"

Mwalimu, kijana aliyezaliwa vita ikiisha, hakuelewa. Sisi wa foleni tulielewa. Wakati wa vita tuliingia pori hilo tukidhani ni kwa siku mbili, tukakaa miezi, tukila majani bila chumvi.

"Saa kumi wako hapa."

"Saa kumi ya siku ile ile?"

"Ile ile, mama."

Akashusha pumzi, akacheka mpaka akashika meza. Kisha akachukua kalamu ya mwalimu, na kwenye orodha ya vitu vya kubeba, chini ya daftari na chupa ya maji, akaandika: chumvi.

"Mama, ni siku moja tu."

"Hata sisi walituambiaka siku mbili."

Basi wazazi mnaoniuliza kozi hiyo ina nini, ina kazi nyingi, na watoto wanarudi saa kumi.

Zamu yangu ilipofika, mwalimu aliniuliza kama aifute chumvi. Nikamwambia aongeze kiberiti.