Shibiti ya Mama Mukubwa

Nikisugua jani bichi la shibiti kati ya vidole, hata leo na uzee huu, harufu yake tamu yenye ukali kidogo hunirudisha mji wa Baraka, miaka ile ya hamsini, uani kwetu, ukungu ukiwa bado umelala ziwani.

Baba alikuwa na wake wawili. Wa kwanza, tuliyemwita Mama Mukubwa, hakujaliwa mtoto. Alikuwa na kibustani cha shibiti, kiungo cha samaki ambacho mbegu zake zilitoka Ujiji, ng'ambo ya ziwa, na vijani vyake vyembamba kama nywele vilitikisika hata upepo ukiwa umetulia. Mama yangu alikuwa msichana wa Lweba, mzuri wa sura, lakini jikoni, Mungu anisamehe, alikuwa wa kuhurumiwa. Zamu ya Mama Mukubwa, Baba alilamba vidole. Zamu ya Mama alimega ugali kidogo, akanawa. Wake hao walisalimiana tu, basi.

Kisha Baba akaanza kusema mbele ya wageni kwamba mke asiyejua kupika arudi kwao. Mama akawa anakunja vitenge vyake na kuvikunjua. Nami, kwa kuwa nilikuwa bado mdogo, ningeondoka naye. Niliogopa hata kucheza.

Zamu ya Mama ilipofika, Mama Mukubwa aliniita bustanini, akachuma shibiti, akaifunga kwenye jani la mgomba.

“Pelekea mama yako. Aitie mu samaki wakati anaepua. Ikichemka sana, harufu inakimbia.”

Mama aliitazama kama anayetazama nyoka. “Kitu ya muke mwenzangu haiingie mu chungu yangu,” akasema, kwa sauti ya kusikika ua mzima. Siku hizo mwanamke aliogopa dawa ya mke mwenza kuliko mamba.

Mama Mukubwa akavuka ua polepole. Akachukua shibiti kidogo, akaitafuna mbichi mbele yetu, akameza, akarudi kwake. Halafu Mama akatia iliyobaki chunguni.

Jioni ile Baba alifuta sahani kwa tonge la mwisho. Habari za kurudi Lweba zikaisha. Nami nililala kwa raha, nikidhani Mama Mukubwa amemhurumia Mama.

Nilikuja kuelewa baadaye sana, nilipowabeba wajukuu. Ladha ile ndiyo iliyomfanya Baba atamani zamu ya Mama Mukubwa, naye hakuwa na kingine cha kumvuta. Aliitoa ili mimi, mtoto wa mwenzake, nisiondoke pale uani.