Samaki Ishirini na Wawili wa Memsahib

Mimi si mwoga. Nimeua nyoka chooni kwa mchi wa kinu, na nimewahi kumkemea karani wa boma mbele ya foleni nzima. Lakini kuna wiki tatu nilizoishi Temeke, zama za Mwingereza, nikiwaogopa samaki wasiofika urefu wa kidole changu cha mwisho.

Mume wangu alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja huko Oyster Bay. Nyumba ya Mzungu ikawa inapakwa rangi, memsahib, yaani mkewe Mzungu, anakwenda Nairobi kupumzika, na akasema harufu ya rangi itawaua samaki wake. Basi sanduku lao la kioo likaletwa kwetu kwa lori. Wanaume wanne waliliingiza ndani wakipiga bismillahi kila hatua, wakaliweka juu ya meza yetu ya kulia. Sisi tukahamia kwenye mkeka.

Sitawasingizia, walikuwa wazuri. Kila mmoja alikuwa na mstari wa buluu inayong'aa kutoka jichoni, na chini yake mwekundu. Waliishi katikati ya majani mabichi yaliyoota kwenye mchanga ndani ya maji, bustani kamili, nami bustani yangu ya mchicha ilikuwa imeshindwa hata kwenye udongo. Walikwenda wote pamoja. Akigeuka mmoja, wamegeuka wote. Nikipita na kanga yenye rangi kali walijibana kwenye majani, kila mmoja anajificha nyuma ya mwenziwe. Majirani walikuja kuwatazama wakauliza kama wanaliwa. Nikawaambia hata paka angeomba aongezewe.

Mume wangu hakucheka. Aliwahesabu akiamka na akirudi kazini, na kwa kuwa hawakutulia, alianza upya mara tatu, mara nne, kidole hewani, midomo ikicheza.

"Ishirini na wawili," alisema. "Akipungua mmoja, mie nimekwisha."

"Kwa samaki? Wewe mwanamume mzima!"

Ndipo akanieleza habari ya dobi wa nyumba ile, aliyeunguza kola ya shati. Alifukuzwa siku ileile, na barua aliyopewa ikasema ni mtu mzembe. Siku hizo mtu wa kazi za nyumbani alikuwa haingii jiko lolote la Mzungu bila barua nzuri mkononi. Dobi yule sasa alikuwa anapasua kuni. Mume wangu alipomaliza kueleza sikuwa na utani tena. Niliwakataza watoto kukimbia ndani. Nilifagia chumba kile kwa mkono, nimechutama, nisije nikaigonga meza kwa ufagio.

Memsahib alikuwa ameacha amri. Kila Ijumaa mume wangu ateke ndoo moja ya maji ya zamani, atie ndoo moja mapya. Maji ya bomba yana dawa, hapana. Maji ya kisima yana chumvi, hapana. Maji ya mvua tu. Alituma madebe mawili ya maji hayo yaliyofunikwa vizuri. Mume wangu alikuwa akiondoka alfajiri kwenda kuwasimamia mafundi wa rangi, kwa hiyo kazi ya maji ikawa yangu. Ijumaa ya kwanza nilitumia debe la kwanza, mambo yakaenda salama.

Ijumaa ya pili nilishika debe la pili, likaja juu jepesi. Lilikuwa limeoza kitako kwa kutu, na maji yote yalikuwa yamekwishaingia mchangani. Leo ningesema, ngoja hata Jumatatu. Lakini amri ilisema Ijumaa, na mimi niliona nikichelewesha hata saa moja watageuka matumbo juu.

Halafu nikakumbuka kwamba maji ya mvua ninayo. Yalikuwa kwenye mtungi wangu wa pembeni, mtungi wa wageni. Wenyeji wa pwani wanajua: mtungi wa wageni hautiwi maji hivi hivi. Unaukausha, unaufudikiza juu ya chetezo chenye ubani, unaacha moshi ushibe ndani, ndipo unamimina maji ya mvua na kufunika. Mgeni akinywa, harufu inampanda puani, naye anajua ameheshimiwa. Mama yangu alinifundisha hivyo, na mtungi wangu ulikuwa unasifiwa mtaa mzima. Nikajisemea, hawa ni wageni wangu, tena wageni wa memsahib. Nikawachotea kwa kata mpaka ndoo ikajaa. Nilijiona mjanja sana. Nikaenda zangu kupepeta mchele.

Adhuhuri nilipopita mezani nilisimama. Samaki hawakuwa pamoja. Ndicho kilichonitisha kwanza, kwamba kila mmoja alikuwa peke yake, mmoja huku, mmoja kule. Walikuwa juu kabisa, wanaachama. Buluu yao imefifia kama kanga iliyofuliwa mno. Juu ya maji palikuwa na utando mwembamba, nikainama, nikasikia ubani. Wawili walikuwa wamelala ubavu.

Nililia kwa sauti. Sioni haya kusema. Nililia huku nikichota maji yale na kuyamwaga uani, nikichota na kumwaga, kwa pupa hata nikamteka samaki mmoja ndani ya kata na kumrudisha. Kisha nikatoka mbio bila viatu kwenda kwa mke wa mwalimu, mtu wa bara, nyumba ya tatu kutoka yetu. Yeye alikuwa na pipa chini ya bati lake, na maji yake sisi tulikuwa tukiyacheka kwamba hayana harufu.

"Dada, nisaidie maji ya mvua. Yasiyofukizwa!"

"Yangu hayajafukizwa tangu nizaliwe," alisema, lakini aliponiona uso akashika ndoo ya pili, tukaenda wote.

Tulipomaliza, kumi na watatu walikuwa hai. Polepole walianza kutafutana, wawili, kisha wanne, kisha wote wakawa kundi dogo kwenye majani. Tisa niliwaweka juu ya jani la mgomba. Nikakaa chini nikasubiri mume wangu, na kusubiri huko sijakusahau. Kila nikisikia baiskeli njiani niliinuka kuchungulia.

Mume wangu alikuwa mtu wa sauti. Kwenye baraza alisikika kabla hajaonekana. Nilijua atagomba, na nilitaka agombe. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama mlangoni. Akatazama lile jani.

"Tisa?" akauliza.

"Tisa."

Alikaa kwenye mkeka kwa kishindo. Hakunigombeza. Akaanza kusema peke yake, kwa sauti nyembamba ambayo sijawahi kuisikia: "Samahani memsahib. Boi wako amekosa, memsahib." Alikuwa anafanya mazoezi. Hapo niliogopa kuliko nilivyoogopa kwa samaki, maana sauti ile haikuwa ngeni kwake. Alikuwa nayo siku zote, akiiacha huko Oyster Bay kila anaporudi.

Memsahib alikuja mwenyewe na gari, wiki iliyofuata. Nilikuwa nimepanga kusema. Nilikuwa nimeazima hata maneno mawili ya Kiingereza kwa mke wa mwalimu. Mume wangu akanitangulia, mikono nyuma.

"Mimi nilitia maji mabaya, memsahib. Maji ya ubani. Mke wangu alinikataza."

Memsahib hakuelewa, akaelezwa: moshi, mtungi, heshima ya mgeni. Akacheka. Alicheka mpaka akashika mlango wa gari. Hakuhesabu. Alisema ataagiza wengine, wanakuja kwa ndege, si tabu. Nami nikamshukuru Mungu, nikapika pilau.

Miezi kadhaa baadaye, msibani, mpishi wa nyumba jirani na ile aliniuliza kama mume wangu bado anawahadithia. Nikamuuliza anamhadithia nani, nini. Akashangaa kwamba sijui. Kila wakija wageni wa chakula, alisema, memsahib humwita asimame karibu na meza na sahani zake, awaeleze jinsi alivyowafukiza samaki ubani. Anatakiwa aonyeshe kwa mikono. Wanacheka, naye anacheka.

Siku hiyo alasiri nilimngoja uani. Nilimuuliza kwa nini alijitwika kosa langu, na kwa nini hakuniambia linalompata. Alikuwa anavua viatu. Alimaliza kimoja, akaanza cha pili.

"Ningesema ni wewe," alisema, "angekuita wewe ukasimame pale."