Mzimu wa Kabatini na Koti la Mpaka Rangi

"Huyo mzimu hana adabu," alisema mpiga pasi, akaisimamisha pasi yake wima. "Umekufa, umezikwa, umeliliwa, bado unarudi kumfichia mwanaume mwenzio viatu?"

"Ndiyo raha ya kitabu," akajibu mshona vifungo, ambaye hutusomea wengine tukiwa kazini kwa kuwa kazi yake ndiyo nyepesi. "Pale mchumba anapokwenda kupeleka posa kavaa kandambili za mama mwenye nyumba, nimecheka mpaka nikajichoma sindano."

"Kwako kichekesho. Mjane je? Anataka kuolewa, marehemu kakaa juu ya kabati anapunga miguu."

"Si anampenda?"

"Kumpenda mtu ndiyo kumkalia kabatini?"

Fundi mwenyewe ni mkwe wangu. Alikuwa anafumua kwa wembe mkono wa koti alioushona juzi. Kila viatu vikipita nje, anatazama mlango.

Huyu mkwe nimeachiwa na mwanangu. Mwanangu alikuwa mrefu. Akiingia chumbani, mlango ndio ulioinama. Mkewe alipanda stuli kumpima mabega, na siku moja akakuta ndege ametaga kwenye kola. Msiniulize mayai yalikwenda wapi. Mwanangu alipofariki, mkewe hakulia mbele za watu. Alikaa kwenye cherehani akashona. Mimi hakunirudisha kwetu, wala sukari hakunipunguzia kwenye chai.

Sasa katokea mpaka rangi. Mtu mfupi, mpole, kucha zake zimebeba rangi za kuta za watu. Anataka kumwoa. Mkwe wangu hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisema, ngoja kwanza nikushonee koti. Akampima vizuri, sote tunaona. Lakini mkasi ulipogusa kitambaa, ukafuata njia uliyoizoea. Jana koti limetundikwa, tukalitazama, kila mtu akajitia ana kazi. Mpaka rangi akilivaa, mikono itamfika magotini. Lile ni koti la mwanangu.

Koti kubwa hupunguzwa, hilo hata mimi nisiyejua kusoma najua. Lakini mwenyewe anakuja leo kulijaribu, na mtu mwenye macho ataona mara moja lilikatwa likimngoja nani. Ndiyo maana haachi kutazama mlango.

"Basi tumuulize mama," mshona vifungo akasema. "Kitabu kakisikia mwanzo mpaka mwisho."

"Mwacheni mama," mkwe wangu akasema. Kisha, bila kuinua macho: "Au sema, mama. Huyo mzimu unamwonaje?"

Nilijua ninaulizwa nini, nikakimbilia porini kwa uongo wangu.

"Mimi mzimu niliwahi kuuona. Ulikuja kuniazima chumvi. Nikauambia, huko ulikolala huna majirani? Ukaona haya, ukarudi na bakuli lake."

Mpiga pasi akacheka kidogo. Mkwe wangu hakucheka.

"Mama, nakuuliza kweli. Angekuwa ni mwanao?"

Hapo nikauweka uongo kando, na mimi si mtu wa kuuacha. Nilimtazama. Amekonda. Koti limemlalia mapajani kama mtoto aliyepitiwa na usingizi, na kwa mkono wa kushoto analipapasa begani, pale pale alipokuwa akimpangusa mwanangu vumbi.

"Mimi simlaumu mzimu," nikasema polepole. "Alikuwa anangoja mtu wa kwao amwambie inatosha. Mke hawezi kumwambia, ataonekana kamfukuza. Tatizo la hicho kitabu, mama yake hayumo. Angekuwemo angemwambia, shuka kabatini, baba, umekaa vya kutosha, sasa mwache mwenzio aole—"

"Hodi humu."

Pazia likasogea. Mpaka rangi akaingia, kanawa mpaka viwiko, shati limenyooshwa. Mkwe wangu akasimama na koti mikononi, mkono mmoja umefumuliwa, wa pili unaburuzika sakafuni.