Shukrani Kabla ya Kisu

Baba alipopatikana na saratani ya mapafu, daktari alitupangia kazi kwa awamu: kwanza dawa za kutiwa mshipani pamoja na mionzi kifuani, ili uvimbe usinyae, halafu, wiki chache baadaye, operesheni ya kutoa kilichobaki. "Msiachie njiani," alisema. Mimi, niliyepata cheti kwenye masomo ya jioni nikiwa na mvi za kujaza gunia, niliandika kila neno.

Dawa zilimtapisha Baba mpaka nikadhani atatapika na shamba zima la miraa. Nywele zikaisha. Lakini picha ilipoonyesha uvimbe umebaki kama punje ya haragwe, kaka yangu, mzee wa kanisa letu karibu na mji wa Maua, hakungoja. Akatangaza ibada ya shukrani. Mbuzi wakachinjwa, mukimo wa viazi na mahindi ukapondwa wa kushibisha Meru na Embu zote, na Baba akasimamishwa mbele ashuhudie kwamba amepona.

Tangu hapo, operesheni ikawa dhambi.

"Unataka kanisa lionekane limedanganya?" kaka aliniuliza uani, siku tatu kabla ya tarehe ya hospitali.

"Nataka Baba apasuliwe."

"Ngumbaru wewe! Cheti cha juzi, leo umekuwa daktari?"

"Na wewe uliyesoma mchana ulielewa nini?"

Tukashikana mashati. Mke wake akanimwagia maji ya vyombo, ndoo moja kama Mto Tana. Nikamwambia kaka kwamba Baba akifa, kaburi atachimba peke yake. Sikuwa natania. Nilimchukia.

Baba akatoka na kofia yake ya sufu. "Nyamazeni, majogoo nyinyi! Kati yenu nani anakohoa?"

Kaka akaachia shati langu.

"Nilishukuru kwa sababu nilipata nafuu. Hiyo iliyobaki itolewe."

"Mzee, watu watasema nini?" kaka akauliza.

"Waambie mimi ni mwongo. Naenda."

Walimkata kipande cha pafu. Alipozinduka aliangalia mlangoni, akaniuliza kwa sauti ya kukwaruza, "Ndugu yako yuko wapi?"

Nikamwambia mvua imezoa madaraja yote kutoka kwetu mpaka hospitalini. Baba akageuza macho dirishani. Jua lilikuwa linachoma, na vumbi limejaa kwenye kioo.

"Mwambie mvua ikipungua aje," akasema.