Mpunga Mwitu Uliotoka Kwangu

Simu ya msiba ilinikuta Jumatatu asubuhi, hata uso sijanawa: mzee wa kijijini Kakese tuliyepakana naye majaruba ya mpunga amefariki. Mimi ni mkulima wa simu, nakaa mjini, Makanyagio, shamba nalimiwa na vibarua. Yeye aliishi na matope yake. Wenye plau za ng'ombe walimkwepa, maana hakuruhusu plau iingie kwake kabla hajaikwangua kwa panga, udongo wa shamba la jirani ubaki barabarani. "Mzee, unaisafisha kama sahani ya mgeni?" walimtania, nami nikacheka nao. Aliogopa mpunga mwitu, jani linalofanana na mpunga mpaka lichanue, ambalo kipande cha mzizi wake kikinasa kwenye chuma cha plau kinatosha kulieneza shamba zima, na punje zake hupukutika kabla hujaleta mundu.

Miaka mitatu iliyopita alinijia nyumbani kwa bodaboda, akaweka mashina ya gugu hilo mezani. "Mdogo wangu, haya yametoka kwako. Maji yako yanashukia kwangu. Njoo tung'oe siku moja, wewe kwako, mimi kwangu. Peke yangu natwanga maji." Nikamwambia, "Nimekusikia, mzee. Nitatuma watu." Sikutuma. Wiki ile ile nilikuwa naandika hapa hapa, kwenye safu hii, kwa ukali, kuhusu uzembe wa maofisa kilimo, na nyie wasomaji mlinipongeza sana. Naona haya kuikumbuka makala hiyo.

Aling'oa misimu miwili, peke yake, mgongo umepinda. Msimu uliopita alikata tamaa, akayaacha majaruba yaliwe na ng'ombe wa watu. Sisemi gugu limemuua, aliumwa kifua. Lakini kilichomtoa shambani nakijua, na aliyekileta namjua. Msibani mjane wake alinipa sahani ya wali. "Kula, shemeji. Huu tumenunua dukani, wetu uliisha." Hakunilaumu hata kidogo. Afadhali angenitukana.

Mdharau mwiba mguu huota tende, lakini mwiba huu niliudharau mimi, mguu ukavimba wa mwenzangu. Tunalaumu mafuriko, tunalaumu mifugo ya wageni, na wengi wetu hatujakanyaga mashamba yetu tangu kupanda. Jumamosi nimekwenda kung'oa mwenyewe, na upande wa chini, kwake, hapakuwa tena na mpunga wa kuokoa. Kwa jirani wa shambani, pole ya msibani haitoshi. Alichokuomba ni siku moja ya mikono yako, nawe ulikuwa nayo.